Fimbo ya Reli Isiyofika Arua

Baba yangu Tahiru aliijua Ireland kuliko alivyoijua Kampala, na zote mbili hakuwahi kuziona. Kampala hakuitaka. Ireland aliipata kwa mdomo, kule Pakwach, kutoka kwa mzungu mmoja mwenye nywele nyekundu aliyeitwa Bwana Galaha. Wakati reli ilipokuwa ikitandikwa kutoka Gulu kuelekea mto Nile, Bwana Galaha ndiye aliyekuwa msimamizi wa ishara, na Baba ndiye aliyekuwa mshika bendera wake. Reli ikafika Pakwach mwaka wa 1964, ikanywa maji ya mto, ikalala hapo hapo. Sisi watu wa Arua tukaambiwa tungoje kidogo. Mimi, Sadiya, nilikuwa na miaka tisa. Naolewa mwaka wa 1974, bado tunangoja kidogo.

Watoto wa wenzetu walilelewa kwa hadithi za sungura. Sisi tulilelewa kwa reli ya Donegali, kule pembeni kabisa mwa Ireland, alikotoka Bwana Galaha. Ilikuwa reli ya futi tatu tu kutoka chuma hadi chuma, nyembamba hata kuliko yetu. Ilipita milimani na kwenye matope, ikabeba samaki na kondoo, na vijana waliokuwa wanahamia Amerika huku mama zao wakilia stesheni. Lilikuwepo behewa la dizeli lililosimama popote: bibi akisimama njia panda na kikapu chake, dereva anafunga breki, anamsalimu na kumuuliza hali ya ng'ombe. Kwa maelezo hayo nikaelewa kwamba Donegali ni Koboko yetu hii, ila yenye baridi.

Reli hiyo ikafungwa siku ya mwisho ya mwaka wa 1959, kwa sababu malori na mabasi yaliinyang'anya chakula mdomoni. Vyuma vikang'olewa, mabehewa yakauzwa, watu wakafugia kuku ndani. Bwana Galaha alisema kuku hao walitaga kwa saa, kufuata ratiba ya treni, lakini Bwana Galaha alikuwa mtu wa kutia chumvi.

Yeye alibaki na fimbo. Ilikuwa ya chuma, urefu wake mkono mmoja, kichwa chake shaba, na imechorwa majina mawili ya stesheni ambayo Baba aliyatamka Stranola na Galenti. Kazi yake ilikuwa rahisi. Njia ikiwa moja na treni mbili, apitaye ni yule mwenye fimbo mkononi. Fimbo ni moja, basi treni haziwezi kukutana. Akifika ng'ambo anaikabidhi, na wa ng'ambo anarudi nayo. "Hii ndiyo akili yote ya mzungu," Baba alikuwa akituambia. "Nyingine ni kelele tu." Bwana Galaha alipostaafu na kwenda kwao, alimwachia Baba fimbo hiyo badala ya saa ya mkono, na mpaka leo Mama anaona tulipunjwa.

Baadaye Baba alipata kazi ya kulinda daraja kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko. Lilikuwa daraja la mbao, pana kwa gari moja tu, na kila upande lina kona iliyozibwa na nyasi ndefu, huoni anayekuja. Kabla ya Baba, malori yalikutana katikati. Madereva walizima injini, wakateremka, wakatukanana mpaka ukoo wa saba, na aliyechoka kwanza ndiye aliyerudi nyuma. Baba akaleta fimbo. Upande huu akasimama yeye, upande wa Koboko akasimama Drani, mtu wa Maracha asiyecheka hata ukimtekenya.

"Bila fimbo, gari hapana pita," Baba aliwaambia madereva.

Walimcheka wiki nzima. Wiki ya pili wakaona kwamba mayai yao yanafika sokoni mazima, wakanyamaza. Lakini msidhani Baba alijali mayai. Kwake yeye barabara ilikuwa mazoezi tu. Alitaka siku reli itakapofika Arua, itukute tumeshajua adabu.

Sasa nieleze hasira yangu, maana nilikuwa nayo, na haki yangu nilikuwa nayo pia.

Nikahi yangu na Zubeiri, fundi wa magari wa Koboko, ilisomwa Arua siku ya Alhamisi. Ijumaa nilikuwa nipelekwe kwake. Shangazi yake Zubeiri, Mama Asiya, alikuwa ametuma neno: bibi harusi atakayefika baada ya jua kuzama hapokelewi mlangoni kwake, arudi alikotoka. Hiyo haikuwa dini wala mila, ilikuwa Mama Asiya tu, na Mama Asiya alitosha. Ramadhani ilikuwa siku tatu mbele. Kurudishwa maana yake ni kungoja mwezi mzima, huku Arua yote ikiniuliza nimekosa nini.

Kwetu, baba wa bibi harusi hasindikizi. Anakaa nyumbani, anamwombea mwanawe dua mlangoni, basi. Baba yangu hata mlangoni hakukaa. Niliamka Ijumaa nikaambiwa ameshadandia lori la alfajiri kwenda darajani kwake. Salamu aliziacha kwa jirani: eti tutaonana njiani. Nililia mpaka wanja ukafika kidevuni, wanawake wakaanza kunipaka upya. Nikamwambia Mama kwamba fimbo ndiyo mtoto wake, sisi wengine tuliokotwa.

Wakati sisi tunajipaka wanja, darajani kulikuwa kumetokea balaa. Saa saba mchana lilifika gari la jeshi, na ndani yake ofisa mmoja kijana, nyota zake bado zinanukia dukani. Enzi zile watu walilala makoplo wakaamka maofisa. Huyu nyota alikuwa amepewa, kifimbo cha ofisa cha kubana kwapani hakuwa amepewa bado. Baba, kama sheria ilivyo, akapiga kisigino chini, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili.

Ofisa akaitazama ile shaba inavyong'aa. Akasoma yale maandishi ya kigeni. Alidhani wazee wa Arua wamemtunukia cheo chake mbele ya umma. Akapiga saluti iliyotikisa kofia, akaibana fimbo kwapani, akavuka daraja, akampita Drani kama upepo na kuelekea Koboko.

"Mimi naona fimbo iko kwapani yake," Drani alijieleza baadaye. "Mimi nasimamisha yeye namna gani? Mimi iko na watoto sita."

Na kweli, miaka ile hakuna mtu aliyemkimbilia ofisa kumwomba kifimbo chake.

Lori letu lilifika darajani saa kumi. Dereva alikuwa Gustave, Mkongo wa Aru, mji wa ng'ambo ya mpaka, aliyezoea kubeba kahawa na siku hiyo alibeba bibi harusi, mama yake na wanawake ishirini wanaoimba. Tulikuta malori manane yamesimama mbele yetu. Baba ameketi juu ya jiwe, mikono mitupu juu ya magoti. Sikuwahi kumwona na mikono mitupu mahali pale.

Gustave alipoelezwa, aliteremka, akatembea mpaka ng'ambo, akarudi.

"Mzee, kule hakuna mutu anakuja. Malori tano iko nasimama tu, bote banangoja. Sisi tupite."

"Fimbo iko Koboko," Baba akasema.

"Na weye unataka tungoje mpaka irudi?"

"Reli ni reli."

"Reli iko wapi?"

Sote tukatazama, hata Baba. Kulikuwa na nyasi, na mbuzi mmoja.

Hapo nilishuka. Najua, bibi harusi hasemi wala haonyeshi uso. Mimi nilifunua uso wote, na wanja wangu wa pili wa siku hiyo.

"Baba, jua nakwenda. Mama Asiya tarudisha mimi. Wewe nataka mimi narudi nyumbani?"

Alitazama chini, akafuta jiwe kwa kiganja. Ndipo nikajua. Alitaka nirudi. Hakukimbia nyumbani alfajiri kwa sababu ya daraja. Alikimbia kwa sababu hakuweza kusimama mlangoni akanitazama ninavyoondoka. Hasira yangu ikabaki bila pa kukaa, na hilo likanikasirisha zaidi.

Mama, Hawah binti Ramadhani, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuja taratibu, akasimama mbele ya mumewe.

"Tahiru. Kule kwa Bwana Galaha, fimbo kama napotea, watu nafanya nini? Nakaa mpaka kiyama?"

Baba akakohoa. Akatazama mbuzi.

"Iko sheria," akasema mwishowe.

"Sema."

"Mtu moja nafunga kitambaa nyekundu kwa mkono. Yeye nageuka fimbo. Gari ambayo yeye hapana panda, hapana pita."

Madereva wote wakapiga kelele pamoja. Tangu saa saba wanakaushwa na jua, na dawa ilikuwa kwenye kichwa cha mzee huyu muda wote! Mama akainua mkono, wakanyamaza.

"Na kwa nini wewe hapana sema?"

"Kwa sababu mimi tu najua sheria, basi fimbo ni mimi," Baba akasema, na sauti ikapungua. "Mimi lazima napanda gari ya Sadiya. Na baba ya bibi harusi hapana panda gari ya bibi harusi."

Mama hakubishana. Alishika pindo la nguo yake mpya ya harusi, nyekundu, aliyoitolea jasho mwaka mzima, akaipasua kwa meno. Akamfunga Baba kipande hicho mkononi kwa nguvu mpaka akakunja uso.

"Leo wewe hapana baba," akamwambia. "Leo wewe fimbo. Panda."

Malori manane yakasogea pembeni kumpisha bibi harusi, na fimbo ikapanda. Ilisimama kwenye ngazi ya mlango upande wangu, imeshika kioo, imenyooka, haitazami kulia wala kushoto. Tulivuka daraja polepole, mbao zikilia moja moja. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilitaka kumwambia kitu, na nadhani na yeye alitaka, lakini daraja lilikuwa fupi.

Ng'ambo Drani alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea. Gustave akafunga breki.

"Fimbo yako hii, inakula ugali," akamwambia Drani, kisha akamgeukia Baba. "Shuka, mzee. Benzako banangoja."

Sheria ilikuwa wazi. Baba ashuke hapo, avushe malori matano kwenda Arua, arudi na manane, mpaka barabara iwe wazi. Akaweka mguu mmoja chini. Wa pili ukakataa. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatazama jua, akatazama yale malori. Miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha watu kwamba mwenye fimbo akipita bila kuikabidhi ni mwizi wa njia.

Mguu ukarudi juu.

"Endesha," akamwambia Gustave.

Lori likaondoka. Drani alikimbia nyuma yetu hatua kadhaa, kofia mkononi.

"Mzee Tahiru! Fimbo nakwenda wapi?"

"Fimbo nakwenda harusi!" wanawake wakamjibu kutoka juu ya lori, na kufika kilima cha pili walikuwa wameshaufanya wimbo wa doluka, wa kupigiwa ngoma na kuchezwa. Koboko wanauimba mpaka leo na hawajui ulikotoka.

Malori kumi na matatu yalilala pale darajani, manane huku na matano kule. Drani hakuruhusu hata moja, na ajabu ni kwamba hakuna aliyejaribu. Nasikia walichoma mihogo, wakakopeshana chumvi, na dereva mmoja wa Vurra akagundua kwamba yule aliyekuwa akimtukana miaka yote ni shemeji yake.

Sisi tuliingia Koboko jua likiwa limebaki kipande. Mama Asiya alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akilipima lile jua kwa jicho. Zubeiri alikuwa nyuma yake amejificha, maskini, jasho limemlowesha kanzu. Shangazi alikubali kwamba hatujachelewa, na nikaona anasikitika kukubali. Kisha akamwona Baba anashuka kwenye ngazi ya lori.

"Nini hii? Baba ya bibi harusi hapana kuja hapa."

Baba akapiga kisigino chini. Akainua mkono wenye kitambaa.

"Mimi hapana baba. Mimi fimbo."

Mama Asiya akamsogelea. Baba alisimama wima kabisa, kidevu juu, na machozi yalikuwa yanamshuka mashavuni, yanaingia kwenye masharubu, yanatokea upande wa pili.

"Fimbo gani nalia?" Shangazi akauliza.

"Ya chuma," akasema Baba.

Mama Asiya akamshika mkono kwenye kile kitambaa chekundu, akampitisha mlangoni kwake, akamketisha kwenye mkeka pembeni yangu, mahali ambapo baba hakai. Nilimwegemea begani, naye akaniwekea mkono kichwani, akaanza kunisomea ile dua ya mlangoni aliyoikimbia asubuhi.