Matundu Mawili ya Mkanda

Kazini waliniita Bi Mbio. Tangu nijifungue, nikipiga chafya tu nguo imelowa, na kiwanda cha mashati hakina subira na mshonaji wa kuinuka-inuka. Masomo ya jioni niliyaacha siku niliposimama kujibu swali nikaacha alama kwenye benchi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kwa hiyo hospitali waliponiazima ule mkanda, niliubeba kama nimebeba mtoto wa pili. Unafungwa chini ya kitovu. Ukikaza misuli ya nyonga sawasawa, kama mtu anayezuia mkojo, unatetemeka kidogo kukwambia hapo hapo. Ukikosea, kimya. Na kila zoezi unalihifadhi, mtaalamu wa mazoezi alisome ukirudi. Mikanda ni michache, alinionya. Asiye na bidii ananyang'anywa, apewe mwingine.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye na anayenilelea mwanangu nikiwa kazini, alicheka mpaka akashika mlango. Siku hizi hata mkojo una fundi wake, akasema. Yeye kazaa wote hawa na hakuna aliyemfunga kamba. Kisha akaenda msalani, ambako huenda mara nyingi kuliko mimi, nami sikulitilia maanani.

Niliufunga alfajiri na kabla ya kulala. Kazini sikwenda nao, ulitokeza chini ya sare. Na nilianza kupona, kusema kweli. Jioni moja nilipiga chafya nikiwa nimempakata mwanangu, nikasubiri, nikabaki mkavu. Nilimbusu mpaka akanisukuma. Nikavitoa vitabu vyangu vya shule uvunguni.

Kitu kimoja kilinishangaza: nikirudi kazini nakuta mkanda umeachiwa matundu mawili zaidi, kana kwamba kiuno changu kimenenepa mchana. Nikadhani mume wangu anauchezea.

Siku ya kurudi hospitali, mtaalamu alinigeuzia kompyuta nione. Asubuhi na usiku mistari inapanda. Mchana imelala chali. Mashine inajumlisha yote, na jumla ilisema nimerudi nyuma.

"Mchana unauvaa muda wote huo, unabana tumbo na kuzuia pumzi tu," alisema. "Dada, tunachezeana hapa?"

Mchana mimi niko kiwandani. Nikayakumbuka yale matundu, na kile kitambaa kilichokunjwa ambacho mama mkwe hukitandika kwenye kila kiti anachokalia, tangu naolewa. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini jambo alilowaficha hata watoto wake wa kuwazaa, nilitoe mimi mbele ya mgeni?

Nikasema ni uvivu. Akaukunja mkanda, akautia kwenye droo.

Wakati wa kula mume wangu aliuliza mkanda uko wapi. Nikamwambia wameuchukua, wamesema sijitahidi. Nikamtazama mama yake. Nilimpa nafasi, tena kubwa.

Alikoroga chai yake. "Si nilisema?" akamwambia mwanawe. "Mkeo huyu kuanza hodari, kumaliza hamna."

Mume wangu akacheka kidogo, akasema hata shule ilikuwa hivyo hivyo.

Nikabeba vyombo kwenda jikoni kabla sijasema neno. Baadaye kidogo mama mkwe alinifuata, mwanangu yuko mgongoni kwake, akasimama mlangoni. Nilipogeuka nilimwona: taya limekazwa, tumbo limevutwa ndani, pumzi ameifungia kifuani. Anafanya mazoezi. Anayakosea yale yale niliyoyaona kwenye kompyuta. Ningeweza kumwacha akosee mpaka azikwe.

"Pumua, mama," nikamwambia polepole. "Tumbo liache. Kaza huku chini tu, halafu legeza."

Hakuniomba radhi, wala hajaniomba hadi leo. Lakini pumzi ilimtoka, ndefu, na mwanangu akajilaza vizuri mgongoni kwake. Nikayarudia masufuria. Nikakaza na mimi, nikawa nasubiri ule mtetemo.