Barua ya Tatu

Tegua hiki, wewe unayesoma. Kina jicho moja tu, la mraba. Miguu hakina, tumbo hakina. Nilikipelekea karatasi tatu, kikanirudishia mume ndani ya blanketi. Ni nini?

Usikimbilie kunipa mji. Huku kwetu karibu na Bokoli, anayeshindwa na kitendawili humpa mwenzake mji, na aliyepewa anautawala hapo hapo, anakula kuku wake wote kwa mdomo. Mimi nimepewa Nairobi mara nyingi mpaka nimeichoka. Kwa hiki sikutaka mji. Nilitaka jibu, tena kutoka kwa mtu mmoja tu, na nilingoja miaka saba. Kama wewe umeshategua, nyamaza kwanza. Usiniharibie.

Mwaka wa 2002 mume wangu Wekoye alikuwa mlinzi katika stoo ya mahindi huko Kitale. Kila mwezi walimkata bima ya hospitali kabla hajaugusa mshahara. Hakulalamika. Kadi ya bima aliifunga kwa nailoni, na Jumapili tukitoka kanisani aliitoa akaitazama kama picha ya mtoto.

"Nanyama," aliniambia, "hata nikianguka, hii itaniokota."

Akaanguka kweli. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, tumbo lilimshika kazini. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana wengi pale walinifaa. Daktari, kijana mpole, alimgusa mara moja tu akasema matumbo yamejisokota, apasuliwe leo, si kesho. "Peleka kadi dirishani, mama. Wakigonga muhuri tu, tunamwingiza thieta."

Dirishani alikuwa karani wa bima, jina lake Wakhungu. Tai nyekundu, kalamu nyuma ya sikio, na macho makali ajabu. Aliisoma kadi kabla sijaifikisha mkononi mwake.

"Kadi ni sawa," akasema. "Lakini mwajiri lazima aandike kwamba makato ya mwezi huu yamefika. Hiyo ni sheria."

Nikaenda stooni kwa miguu, nusu nikikimbia. Mtunza stoo akaandika. Nikarudi.

"Hii ameandika mtunza stoo. Sheria inasema meneja."

"Baba, meneja ako Kachibora leo, ananunua mahindi."

"Basi si umfuate Kachibora?"

Nje ya stoo kulikuwa na mwanamke wa kuuza viazi, Waruguru, mwenyeji wa huko huko Kachibora. Tulijuana kwa salamu tu. Aliponiona ninalia barabarani aliacha gunia lake wazi, akasimamisha pikapu ya jirani yake, akanisukuma ndani na yeye akapanda. Tulimpata meneja shambani. Akaandika juu ya boneti ya gari, akaweka sahihi, akatoa muhuri kwenye mkoba akaugonga mara mbili kwa sababu wa kwanza haukushika wino vizuri. Ukihesabu kadi kuwa ya kwanza, hiyo ikawa barua ya tatu.

Tulirudi mbio. Wakhungu akaipokea, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akaugeuza uso wake ukutani nyuma yake, halafu akanirudishia.

"Tumefunga. Kuja Jumatatu."

"Baba, mtu anakufa."

"Saa ya serikali imefika, mama. Mimi siwezi kuisukuma."

Akavuta kibao cha dirisha. Mimi sikuwa na saa, Waruguru hakuwa na saa. Waruguru alikipiga kile kibao kwa ngumi mbili. "We mzee! Fungua! Hata ng'ombe akikwama watu huacha kazi!"

Kutoka ndani tukasikia anacheka, na funguo zinalia. "Mtanifanya nini?" akasema.

Yule daktari alihangaika kumtafuta mkubwa wake, na usiku wakampasua Wekoye bila muhuri. Lakini matumbo yalikuwa yameshaharibika. Jumapili, saa ile ambayo angekuwa anaitazama kadi yake, walinipa mume wangu ndani ya blanketi. Tulimzika hapa nyumbani. Barua ya tatu niliirudisha kwenye nailoni yake pamoja na kadi, nikaviweka ndani ya Biblia.

Watu waliniambia nisamehe. Niliitikia, "Ndiyo, ndiyo," nikawapa chai. Moyoni nilikuwa na maneno mawili tu yanazunguka kama jiwe la kusagia: mtanifanya nini, mtanifanya nini.

Nilisoma mpaka darasa la saba, si zaidi. Lakini baada ya mazishi nilianza kusoma kila karatasi ya serikali iliyobandikwa ukutani. Zahanati ni shilingi ngapi, watoto wadogo wanatibiwa bure au vipi, nani anastahili msamaha wa malipo, fomu ipi inahitaji sahihi ya nani. Wanawake wakaanza kuniletea karatasi zao. Mwishowe, kwenye baraza, naibu chifu wetu Wabwile akatangaza kwamba mimi ndiye mzee wa kijiji. Wanaume wakacheka, ati mzee anavaa leso! Lakini walinyoosha mikono.

Mtu asiye na uwezo akitaka msamaha hospitalini, fomu yake inaanzia kwangu. Naandika kwamba namjua na kwamba kweli hana, ndipo naibu chifu anagonga muhuri. Na nikuambie, hakuna aliyekuja kwangu mara mbili kwa karatasi moja. Nimeweka sahihi nikiwa nakamua ng'ombe. Nimeweka sahihi nikiwa na malaria.

Isipokuwa mmoja.

Alikuja mwaka wa 2009, wiki ya mwisho ya mavuno. Bodaboda ilimwacha langoni, akaja akipapasa ua kwa fimbo. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mtu amerudi kutoka Kitale kukaa kwenye boma la marehemu mama yake, upande wa juu, na kwamba haoni vizuri. Sikuwa nimeunganisha habari hizo na mtu ninayemjua.

"Hodi kwa mzee wa kijiji."

Kikombe kilinitoka mkononi. Sauti haizeeki, jamani. Uso wake ulikuwa umekunjamana na tai ilikuwa imekwisha zamani, lakini sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya kibao. Macho yake mawili yalikuwa meupe katikati kama maziwa yaliyogandia kijikoni.

"Karibu, mzee. Kaa."

"Asante, mama. Mimi ni Wakhungu. Nina mtoto wa jicho, macho yote. Hospitali ya Bungoma wamesema wanaweza kunipasua, lakini niwapelekee hii fomu ya msamaha. Madaktari wa macho wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo tu. Nikiwakosa, ati ni mpaka mwaka ujao."

"Na bima huna?"

Akainama. "Nilipoachishwa kazi sikuendelea kuchangia. Ikafa."

"Kwani ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Karani wa bima, mama. Miaka kumi na tisa."

Niliingia ndani. Nikamchemshia chai. Ndiyo, chai, tena ya maziwa. Sikutaka aondoke upesi.

Nikaisoma fomu yake polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Fomu ni sawa," nikamwambia. "Lakini wewe ni mgeni kwangu. Wazee wa ukoo wako lazima waandike kwamba huna shamba lingine huko Kitale. Hiyo ni sheria."

Hakuna sheria kama hiyo. Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni mwangu kama muwa.

Jioni hiyo nilimpigia Waruguru simu. Tulikuwa hatujaachana tangu ile siku ya pikapu. Hata ule mwaka watu wa Kachibora walipogombana baada ya uchaguzi na kuchomeana nyumba, kila asubuhi nilimpigia kujua kama ameamka.

"Amekuja," nikasema.

"Nani?"

"Mtanifanya Nini."

Waruguru akaruka, nikasikia kuku wake wanatawanyika. "Uko naye hapo? Mshike! Nakuja na panga!"

"Wacha mchezo. Anataka sahihi yangu apasuliwe macho. Haoni. Hajanijua."

"Mungu wangu." Halafu akacheka kicheko kirefu, kibaya. "Mzungushe, dada. Mzungushe mpaka soli ziishe. Lakini usimwache kipofu."

"Kwa nini? Unamhurumia?"

"Kumhurumia! Mimi nataka siku moja anione uso."

Jumatatu Wakhungu akaleta barua. Nikamwambia imeandikwa na mzee mmoja tu wa ukoo, na sheria inataka mwenyekiti wao.

"Mwenyekiti anakaa Chwele, mama. Na leo ni siku ya soko, nitampata wapi kwa watu wote wale, na macho haya?"

"Basi si umfuate Chwele?"

Alisimama kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo anaoufahamu kutoka nyumba ya mbali. Lakini akaenda. Kumbe alishinda kwenye soko la Chwele kutwa nzima, akiuliza ng'ombe na watu. Jumatano akarudi na barua ya tatu, ukihesabu na fomu, suruali imejaa matope upande mmoja, alikuwa ameanguka mtaroni. Unadhani nilimhurumia? Niliangalia yale matope nikamkumbuka Wekoye alivyokuwa akiuma blanketi ili asipige kelele. Nikaipokea barua. Ilikuwa sawa kabisa. Nikamrudishia.

"Tumefunga, mzee."

"Mama! Si jua bado linawaka mgongoni hapa?"

"Saa ya serikali imefika."

Nikaufunga mlango wangu, mimi ambaye sijawahi kumfungia mtu mlango. Nilisimama nyuma yake nikasikia anavyopumua. Halafu akasema, pole pole, "Mama, mimi nimekukosea nini?"

Hapo ndipo nilipofungua nusu. "Nitakutegea kitendawili. Ukikitegua, naweka sahihi hapo hapo."

"Haya, tega."

Nikamtegea hicho hicho nilichokutegea wewe. Akakuna kichwa.

"Kaburi."

"Kaburi lina jicho?"

"Kamera. Ile ya studio."

"Kamera inarudisha maiti?"

"Basi nimeshindwa, mama. Chukua mji. Chukua Kitale."

"Kitale nilishapewa," nikamwambia. "Haikunifaa. Kesho ni baraza. Ukipata jibu, lilete huko."

Usiku ule nililala vizuri kuliko miaka yote saba. Sioni haya kusema.

Alhamisi watu walijaa mbele ya ofisi ya naibu chifu. Wakhungu alikaa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Wabwile akamaliza habari za mbolea, kisha akanigeukia.

"Mzee wa kijiji, huyu bwana ameniletea fomu yake, anasema umemzungusha wiki nzima, na hospitali ni kesho. Wewe sijawahi kusikia hivyo juu yako. Kuna shida gani?"

"Hakuna shida, mkubwa. Ana deni la kitendawili changu."

Watu wakaangua kicheko. Nikakitega tena, kwa sauti, mbele ya wote. Majibu yakarushwa kutoka kila upande: "Jela!" "Posta!" "Mama mkwe!" Hata Wabwile alicheka mpaka akashika mbavu. Wakhungu peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuza sikio upande wangu.

Nikatoa ile nailoni kwenye Biblia. Nikaenda mpaka alipokaa, nikamwekea barua mkononi.

"Huwezi kuisoma," nikamwambia, "kwa hivyo nitakusomea. Ni ya Ijumaa moja, mwaka wa elfu mbili na mbili. Imeandikwa juu ya boneti ya gari huko Kachibora. Muhuri umegongwa mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukushika. Jina la mgonjwa ni Wekoye."

Kicheko kikafa, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuma.

Wakhungu aliipapasa ile karatasi. Kidole chake kilizunguka pale kwenye muhuri, kana kwamba wino una mlima. Nilichukua fomu yake kwa Wabwile, nikaishika pamoja na kalamu, nikasimama mbele yake. Swali lake la nyuma ya kibao, mtanifanya nini, nilikuwa nalijibu sasa, kwa kusimama tu. Sikuwa na haraka. Wewe kaa hapo, nilisema moyoni. Kaa, na mimi nisimame, kama siku ile.

"Kina jicho moja," nikamkumbusha.

"La mraba," akasema.

"Nilikipelekea karatasi tatu."

Akaweka fimbo chini. Akainua yale macho meupe mpaka nilipokuwa, akanikosa kidogo, akayarekebisha.

"Ni dirisha," akasema. "Dirisha langu, mama. Barua ya tatu ilikuwa sawa, na saa ya ukutani ilisema saa kumi na nusu. Bado nusu saa nzima kabla ya kufunga. Niliona. Siku hizo nilikuwa naona vizuri sana."