Sufu ya Shemeji

Asubuhi hiyo meneja wa ranchi alikuwa amepiga magoti kwenye tope la zizi la chini, mguu wa kondoo dume mapajani, akikwangua kwato kwa kisu kifupi. Manyunyu ya wiki nzima yalikuwa yamelainisha kwato na nyingine zimeanza kuoza. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe kwa sababu wengine walikata ndani mno, na kondoo anayechechemea hapandi mlima.

Ranchi ilianzia mtoni na kuishia pale majani yanapokoma na mawe yanapoanza. Ng'ombe walitangulizwa kwenye miteremko yenye majani marefu, wakayapunguza, kisha kondoo wakafuata kula machipukizi. Mpango huo ulikuwa wake, na ulimletea sifa. Alipenda mambo yaliyonyooka: uzio ulionyooka, taarifa iliyonyooka. Hakuwahi kumficha Mwenye Ranchi hata ndama mmoja aliyekufa.

Kabla hajamaliza, shemeji yake aliteremka kuchukua chumvi ya mifugo. Huyu alikuwa kaka wa mke wake, mchungaji wa malisho ya juu kabisa, na kila mtu alimwita Wa Juu. Wenzake walimtania kwamba Wa Juu ni yeye, lakini amri za juu hazitoki kwake.

"Shemeji, hebu nitazame mgongoni. Kuna kitu kinaniwasha."

Meneja alifuta mikono kwenye suruali, akamvuta kola. Kuanzia shingoni kushuka mpaka kiunoni, Wa Juu alikuwa ameota sufu. Meneja akaigawanya kwa vidole gumba viwili, kama afanyavyo kwa kondoo, akatafuta kupe, hakuona. Ilikuwa nyeupe, mawimbi yake yamebanana, na mafuta yake yanatosha.

"Imeanza lini?"

"Tangu umande uanze kuganda. Mwanzoni nilidhani ni ukurutu."

"Si ukurutu. Ni sufu nzuri."

"Uzuri wake nimeuona. Siku hizi nalala."

Wachungaji wa malisho ya juu walikaa kwenye vibanda vya mawe vyenye milango ya mabati, na walijifunika magunia ya chumvi yaliyoshonwa pamoja. Kila mwaka meneja aliwaombea blanketi, na kila mwaka alijibiwa kwamba sufu yote ya mwaka huo imekwisha kuahidiwa wanunuzi. Kwenye ranchi iliyojaza maghala ya sufu hapakuwa na mchungaji mwenye blanketi la sufu. Meneja aliliona jambo hilo kuwa halikunyooka. Kwa hiyo alipomtazama Wa Juu akipanda na mfuko wa chumvi begani, alifurahi kidogo. Safari hii alikuwa na hoja.

Mwenye Ranchi aliishi mjini na alipiga simu kila Jumatatu. Meneja alimngojea ofisini akiwa ameketi wima, mbele ya dirisha ambalo kizingiti chake kilijaa hereni za njano za plastiki, zile za kuvalishwa ng'ombe masikioni. Alianza na fahali aliyevunja lango, akaja kwenye josho linalovuja, halafu akakohoa.

"Bwana, nina jambo la blanketi."

"Tena?"

"Hali imefika mbali. Mchungaji wa malisho ya juu ameota sufu kwa baridi."

Simu ikanyamaza. Meneja alidhani ni kimya cha huruma, akakiacha kifanye kazi yake.

"Sufu ya namna gani?"

"Nyembamba, bwana. Safi sana." Alijibu hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu hakuwahi kujibu vibaya swali la sufu.

"Mkataba wa wafanyakazi unasemaje?"

Meneja aliujua kwa moyo. "Sufu yote inayoota ndani ya uzio ni mali ya ranchi."

"Basi anyolewe pamoja na wenzake."

"Lakini huyu ni mtu, bwana. Ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana sikusema kichwa. Nywele za kichwani ni zake. Nisalimie nyumbani."

Jioni mke wake alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Kwa hiyo ulikwenda kuomba blanketi, ukarudi na mkasi."

"Mimi sikuomba mkasi."

"Nani alimwambia kaka yangu ana sufu?"

"Mama watoto, kazi yangu ni kutoa taarifa."

"Ungesema ana upele."

"Hana upele."

Alikimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama kokwa. "Kondoo mkishawanyoa mnawateremsha bondeni, kwenye mabanda, mpaka waote tena," alisema. "Kaka yangu mnamteremsha wapi?"

Meneja alijua jibu, na mke wake alilijua pia. Tarehe ya kunyoa ilipangwa na wanunuzi. Hali ya hewa haikuulizwa. Kondoo wangeshuka, lakini ng'ombe wangebaki juu msimu wote wa baridi, na ng'ombe hawachungwi kutoka bondeni.

Siku ya kunyoa Wa Juu alifika mapema, akasimama kwenye foleni nyuma ya kondoo dume, shati mkononi. Aliyemfuata nyuma alikuwa kondoo jike mzee, ambaye alikuwa akimsukuma kwa kichwa nyuma ya magoti. Banda lilinuka mafuta ya mashine na samadi. Zamu yake ilipofika, kinyozi mkuu alizima mashine, akaipuliza meno.

"Nikukalishe kama mtu au nikulaze kama kondoo?"

"Ukinilaza nitasinzia."

"Sinzia tu. Wateja wangu wengine wote wanapiga mateke. Na nikimaliza usiniombe kioo."

Watu wakacheka, Wa Juu akacheka nao. Akakaa juu ya ubao, kinyozi akaanza na kifua. Sufu ikateleza kwa kipande kimoja kama shuka. Alipofika mabegani, Wa Juu aligeuza uso kumtafuta meneja, aliyesimama karibu na mizani.

"Shemeji, nibakizieni mgongo tu. Huku mbele nitajikumbatia."

Kinyozi akainua mashine, akangoja. Mpanga madaraja ya sufu, kwenye meza yake ya kuchambulia, alisema bila kuinua macho kwamba mgongo ndio daraja la kwanza, na kwamba huko mbele kulikuwa na vumbi la nyasi. Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa jambo la kitaalamu.

Meneja aliitazama ile sufu. Alifikiri kwamba angesema "mwachie," kinyozi angemwachia, na Jumatatu ingekuja, na yeye angelazimika kutoa taarifa ya sufu isiyotimia au kutoa taarifa ya uongo. Katika miaka yake yote hakuwa ametoa ama hii ama ile.

"Nyoa," alisema.

Robota ilimoingizwa sufu ya Wa Juu lilipigwa muhuri wa daraja la kwanza. Mwenyewe alisimama mlangoni mwa banda, ngozi yake ina rangi ya waridi kwenye mistari ilikopita mashine, akavaa shati. Ndipo meneja alipovua koti lake, lile zito la ofisi, akamtupia mabegani.

"Chukua, shemeji. Ofisini kuna jiko."

"Asante, bwana meneja," alijibu Wa Juu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Msimu wa baridi ulikuja kama ulivyotazamiwa. Maji ya kunywesha ng'ombe yaliganda, wachungaji wakayavunja kwa shoka. Mmoja mmoja, wachungaji wa malisho ya juu waliota sufu, wengine ya kijivu, mmoja nyeusi ambayo haipokei rangi. Meneja aliwaandalia ngazi ya kupandia kwenye ubao ili wasitumie njia ya kondoo. Wa Juu peke yake hakuota kitu.

Mwenye Ranchi aliliulizia jambo hilo kwenye simu. "Yule wa kwanza, mwenye sufu nyembamba. Amepatwa na nini?"

"Nilimpa koti langu, bwana."

"Ulifanya wema, na sikulaumu. Lakini sasa umeona mwenyewe. Koti lirudi. Na ile habari ya blanketi tuifunge leo. Ukiwapa blanketi, wataota nini?"

Meneja alitafuta jibu. Aliligeuza swali upande huu na upande ule, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka, alilazimika kukubali kwamba limenyooka.

"Sawa, bwana," alisema.

Alipanda siku ya pili yake. Mke wake hakumwuliza aendako. Alimfungia viazi vya kuchemsha amchukulie kaka yake, basi. Njia ilipita kati ya ng'ombe waliosimama wakiupa upepo migongo, wanene wote, hakuna aliyechechemea. Wa Juu alikuwa akikaza waya wa uzio. Alipomwona meneja amesimama pale akilitazama koti, aliweka koleo chini, akaanza kufungua vifungo.

"Mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka," alisema. "Nimeushona."

"Asante, shemeji."

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Amekuletea viazi."

Wa Juu alivipokea, akavishika kwa viganja vyote viwili kwa sababu bado vilikuwa na moto kidogo. Kisha akavitia ndani ya shati, akaokota koleo, akarudi kwenye waya.

Meneja alishuka na koti mkononi. Hakuona kuwa ni vizuri kulivaa mbele ya mtu. Alilibeba hivyo hadi lango la pili, ambako njia inakata kona na mtu wa juu hawezi tena kumwona wa chini. Hapo upepo ulikuwa mkali, akalivaa. Lilikuwa bado na joto.