Kulwa Hakunyonya Iringa

Mzee Magesa alisimama mlangoni kwa bintiye Nyamizi pale mtaa wa Soweto, fimbo mkononi, koti likinuka ng'ombe wa mnada wa Mbalizi, na badala ya kupiga hodi akauliza kama yule mwanamke yumo ndani. Nyamizi akamjibu kwamba mama yuko kwao Iringa, kama anavyojua. Hapo ndipo mzee alipovuka kizingiti. Miaka ilikuwa imepita tangu amfukuze mkewe Bertha, na bado hakukubali kukaa naye chini ya bati moja, utadhani mama wa watu ana ukoma.

Nyuma yake aliingia Kulwa, kitinda mimba, na mfuko wa vitenge vya harusi. Nyamizi alimwamkia baba yake shikamoo. Marahaba ilitoka, lakini ilielekezwa ukutani.

Mzee hakuja kunywa chai. Alikuja kusema kwamba amechoka na simu. Kila jioni Nyamizi alikuwa akimpigia Kulwa huko Usangu, akimsihi aje mjini kupimwa damu, na sasa maneno yamevuja hadi kwa wakwe. Harusi ni baada ya Pasaka. Nani ataoa binti anayepelekwa hospitali akiwa mzima? Mzee aligonga sakafu kwa fimbo na kusema kwamba ugonjwa huo ni wa upande wa Iringa, na Kulwa hahusiki nao.

"Mimi sikunyonya Iringa, dada," Kulwa akaongezea, huku anaangalia kucha zake. "Kansa yenu mbaki nayo wenyewe."

Mkono wa Nyamizi ulikwenda kwenye kovu, upande wa kushoto wa kifua chake, ambapo hapakuwa na titi tena. Alimpenda mdogo wake, na kwa dakika ile alitamani kumzaba kibao.

Maneno hayo ya kunyonya yana historia yake. Kulwa na pacha wake Doto walizaliwa Bertha akiwa hoi kwa homa ya uzazi. Doto hakumaliza wiki. Kulwa akachukuliwa na shangazi Yusta, dada yake Magesa, ambaye naye alikuwa na kichanga mgongoni, akamnyonyesha mpaka akaacha ziwa. Bertha alipopona alirudishiwa mtoto aliyekwisha kuzoea harufu ya mwanamke mwingine. Tangu hapo Kulwa akawa mtoto wa kina Magesa, naye akawa anamwita mama yake mzazi mama Yunisi, kwa jina la dada yao mkubwa, kama majirani walivyomwita.

Kisha Yusta akafa, na kidonda kifuani. Watu wakanong'ona kwamba wifi yake wa Kihehe amemroga kwa uchungu wa kunyang'anywa mtoto. Baadaye akaugua Yunisi, mkubwa wa nyumba ile. Mzee Magesa akamzungusha kwa waganga, mganga huyu na mganga yule, huku uvimbe unakua, mpaka mmoja akatamka alichotaka kukisikia: maziwa ya mama yake yana sumu. Basi Yusta alirogwa, Yunisi alinyonya sumu, na mkosaji wa yote ni mtu mmoja. Mwenye kutaka kusingizia hakosi sababu.

Yunisi alizikwa akiwa na miaka thelathini na tatu. Udongo haujatulia kaburini, mzee akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Watu wa Iringa waliniozesha ng'ombe mtamba mgonjwa. Maziwa yake yameniulia mwanangu." Bertha aliondoka matanga hayajaanuliwa. Hakuna mwanaukoo aliyemsindikiza hadi barabarani ila Nyamizi, naye akatukanwa aliporudi.

Nyamizi mwenyewe, na hili lilimuuma kuliko yote, alikuwa ameyaamini kidogo yale maneno. Alipouona uvimbe kwenye titi lake alimlaani mama yake kimoyomoyo. Alipofika hospitali, Daktari Anyitike akamuuliza ni nani wengine katika familia wamewahi kuugua, naye akataja ukoo wa mama peke yake, mmoja mmoja. Ajabu ni kwamba hakukuwa na mgonjwa. Bibi yake wa Iringa alikuwa bado analima viazi. Daktari akauliza habari za upande wa baba.

"Baba yangu ni mwanaume, daktari," Nyamizi akamjibu, akidhani hakueleweka.

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba kansa ya titi hairithiwi kwa kunyonya. Mtoto huumbwa kwa vinasaba, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na kasoro inaweza kupita kwa mwanaume ambaye maisha yake yote hajaugua hata siku moja. Akimpa mwanawe ile nusu yenye kasoro, hatari ya mtoto inapanda. Akimpa ile nyingine, mtoto anasalimika. Ni kama kurusha sarafu. Kansa ya namna hiyo, alisema, mara nyingi huja mapema na huja na ukali. Lakini anayejua kwamba anayo kasoro hukaguliwa kabla ya uvimbe kukomaa, na zipo dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa wagonjwa wa aina hiyo. Anayejua ana nafasi ambayo Yunisi hakuipata.

Damu ya Nyamizi ikapelekwa mbali kupimwa, ikarudi na kasoro. Bertha akaitwa kutoka Iringa, akatoa yake. Ilikuwa safi. Nyamizi alidhani mama yake atapiga vigelegele. Bertha alikaa kwenye benchi la hospitali akalia, akiuliza ni nani sasa ataenda kumwambia Yunisi.

Siku hiyohiyo Daktari Anyitike alisema neno moja ambalo Nyamizi alilihifadhi. Alisema, "Siku ukimweleza mzee, mwambie kurithisha si kosa. Hakuna anayechagua anachompa mtoto." Nyamizi aliahidi kulifikisha.

Sasa mzee alikuwa mbele yake, na neno lilikuwa pale kinywani. Lakini alipomtazama alivyokaa, miguu ameitawanya, anasubiri kutiiwa, akaona aanzie kwingine.

"Baba, kabla hujaondoka, hebu nihadithie tena habari ya lile dume lako jekundu."

Ukitaka Magesa asahau ugomvi, mtajie ng'ombe. Habari hiyo wanawe waliijua hata usingizini, lakini mzee alisogeza kiti. Lilikuwa dume lake la fahari, manyoya yanang'aa, nundu kubwa, halijui ugonjwa. Ndama wakaanza kuzaliwa na taya zilizopinda, hawawezi kunyonya, wanakufa. Akauza jike la kwanza akisema lina mkosi. Akauza la pili. La tatu, jike alilolinunua mbali, likazaa ndama wa taya zilezile. Hapo akajicheka mwenyewe zizini. Akaita vijana, wakaliangusha lile dume, wakalihasi.

"Mjinga anapiga jike," akamalizia, kama alivyomalizia kwenye kila kilabu cha pombe. "Mfugaji anaangalia dume."

"Mama yako alikufa na nini, baba?"

Mzee alishtuka. Akajibu kwamba jipu, na hilo lilikuwa zamani, hata hajaoa.

"Jipu la wapi?"

Mzee aliitazama fimbo yake. Nyamizi akauliza kidonda cha shangazi Yusta kilikuwa wapi. Mzee akasema Yusta alirogwa, jambo hilo lilishakwisha. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama yako, dada yako, binti yako Yunisi, na mimi," Nyamizi alisema. "Mama hakumzaa mama yako, wala hakumzaa shangazi. Damu yake imepimwa, ni safi. Sasa niambie wewe mfugaji, katikati yetu sisi wanne amesimama nani?"

"Unanitukana." Mzee alikuwa amesimama, fimbo juu. "Mimi nina matiti, mimi? Nimewahi kuugua, mimi?"

"Dume lako lilikuwa na taya nzima, baba."

Fimbo ilibaki hewani. Nyamizi hakurudi nyuma. Aliyekwisha kukatwa kifua haogopi fimbo ya mwanzi. Mzee alitukana kwa Kisukuma, akamtukana yeye, akamtukana daktari, akasema hana radhi naye hapa duniani wala ahera. Halafu akageuka kumwamuru Kulwa wainuke waende.

Kulwa hakuinuka. Mfuko wa vitenge ulikuwa umeanguka na hakuuokota.

"Kwa hiyo ni maziwa ya shangazi ndiyo yalikuwa mabaya?" aliuliza.

"Si maziwa, Kulwa. Ya mama wala ya shangazi. Ungelelewa kwa maziwa ya kopo ingekuwa vilevile. Ndiyo maana nakupigia kila siku."

Kulwa alisogea karibu na Nyamizi. Kisha akaushika mkono wa dada yake, akaupitisha chini ya kanga, akaukandamiza ubavuni mwa titi lake la kulia, karibu na kwapa. Nyamizi alikigusa kile kitu. Kilikuwa kigumu, kama punje ya hindi kavu chini ya ngozi.

"Tangu tuvune mpunga," Kulwa alisema. "Niliona haiwezekani kuwa ndiyo. Kwani mimi nilinyonya Iringa?"

Nyamizi hakuutoa mkono. Alikuwa na hasira mpaka macho yanamwuma, hasira na baba, na waganga, na ukoo mzima uliomfundisha mtoto huyu kwamba yu salama. Alimwambia kwamba bado ni kadogo, kwamba Yunisi alifika hospitali na uvimbe uliokwisha kupasuka, kwamba kesho asubuhi wanaenda.

Mzee Magesa alikuwa ameona. Fimbo ilishuka yenyewe. Aliuegemea mlango, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee kweli.

"Kwa hiyo Yunisi nilimuua mimi?" aliuliza.

Lile neno la daktari lilikuja lote, zima, mpaka kwenye ncha ya ulimi. Kurithisha si kosa. Lilikuwa kweli, na lingemwondolea mzee mzigo mzito. Nyamizi akamwona akilini mama yake siku ile ya matanga, anatembea kuelekea barabarani, begi moja mkononi, na kundi zima la watu linamtazama mgongo. Akalimeza.

"Kesho saa mbili tutakuwa hospitali," alisema. "Nampigia mama sasa hivi, naye atapanda basi la usiku. Wewe nawe unatakiwa kupimwa. Ukija utamkuta, na utamwamkia wewe kwanza."