Sufuria za Bi Ghania

Wanaume sitini walikuwa wamekwisha kunawa, na hakuna mkono hata mmoja ulioingia katika sinia. Nilisimama kwenye pembe ya ua wa Mzee Soud, pale Mkoani, mwiko mkononi, nikingojea kile anachokingojea kila mpishi wa shughuli: kimya cha watu wanaotafuna, kisha mtu wa kwanza kuuliza nani kapika. Kimya kilikuja. Kutafuna hakukuja. Mvuke wa pilau ulipanda, ukapungua, ukakoma.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Mimi Nyange nilikuwa mpishi wa harusi, kwetu Tanga, na sifichi: kupika nilikupenda, lakini nilichokipenda zaidi ni watu. Nyumba iliyojaa, kila mtu ana la kumsema mwenzake, mimi katikati na moshi machoni. Mzee Soud alikuwa amekula pilau yangu kwenye harusi moja Tanga, akaniita nivuke bahari nimpikie ya binti yake wa mwisho, Mwanabaraka.

Safari ilinikera tangu mwanzo. Meli ilipitia Wete kwanza, na huko, bila kuniuliza, wakalishusha sanduku langu la sufuria. Mkoani nikateremshwa majini mgongoni mwa mchukuzi; kiatu kimoja kikazama, mfuko wa bizari ukalowa maji ya chumvi. Watu pwani wakacheka, nami nikacheka nao. Mtu akishakucheka ni nusu ya rafiki, ndivyo nilivyoamini siku zile.

Mzee Soud hakucheka. Alinikalisha barazani akanieleza jambo moja tu. Mwaka uliopita alimzika mama yake, na nusu ya mji haikuja, kwa kuwa ni watu wa chama kile na yeye ni wa chama hiki. Watu walikuwa wamesusiana maduka, visima, hata jeneza. "Mama nilimzika na watu kumi na wanane," alisema. "Binti yangu nataka aozwe ua umejaa."

Nilimwitikia kwa adabu, lakini moyoni niliona anakuza mambo. Kwetu Tanga siasa zilikuwa ngoma na nyimbo, sote chama kimoja. Kususa jeneza? Nani atafanya hivyo?

Kuhusu sufuria akaniambia nisihangaike. Niende kwa shemeji yake, Bi Shariffa, juu kilimani, huko ziko za kutosha. Basi. Laiti ningepanda kile kilima.

Lakini jua lilikuwa kali, mguu mmoja uko peku, na nusu ya njia nikasikia mwanamke anamtania muuza samaki kutoka Makoongwe kwamba samaki wake kafa kwa uzee, si kwa ndoana. Nikasimama kucheka. Akaniona, akaniuliza kiatu cha pili nimekiozesha wapi. Huyo ndiye Bi Ghania, mama wa makamo, mweupe, sauti kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akanipa kahawa na kigoda cha kukalia. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeshajua nani kaachwa, nani karogwa, na nani anajidai hajui kusoma ili asiombwe kusoma barua za watu. Kitu kimoja sikukitia maanani: muda wote ule hakuna jirani aliyeingia.

Nilipotaja shida yangu alinionyesha banda la nyuma. Sufuria nne, kubwa, za shaba, jina la marehemu mumewe limechongwa ubavuni.

"Shughuli ya nani?" akauliza.

Nikamwambia. Uso wake ukabadilika. Alikaa chini, akaniambia polepole kwamba yeye na Soud wamenyonya ziwa moja. Mama aliyezikwa mwaka jana ndiye aliyemlea yeye pia. Mwanabaraka anamwita shangazi. Na siku ya maziko wanawe wa kuzaa walimfungia ndani asiende, kwa sababu wao ni wa chama kile kingine.

"Soud kakutuma kwangu?" akauliza. "Yeye mwenyewe?"

Alikuwa ananitazama kama mtoto anayetazama mkono wa mtu aliyetoka safari. Nami sijawahi kumnyima mtu neno la kumfurahisha.

"Ndiye, mama," nikasema. "Kasema nije kwako."

Alilia kidogo, akacheka, akazisugua sufuria kwa ndimu na majivu kwa mikono yake.

Kwa hiyo siku ya harusi wanaume sitini walinawa, na Sleiman, msemaji wao chamani, akageuza shingo kuelekea jikoni akalisoma lile jina. Hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye kanzu yake, akasema kwamba yeye hali kilichopikwa kwenye vyombo vya watu wale, na mwenye kula ale.

Mzee Soud akaja jikoni. Wakati huohuo Bi Ghania alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, buibui jipya, kichwani chano cha mbao chenye udi, ubani na doti ya kanga za bi harusi. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa anatabasamu.

"Nyange," akasema Mzee Soud, kwa sauti ya kusikika uani. "Nani alikutuma kwa huyu?"

Mpaka leo naulizwa swali lile usingizini. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kusema alinituma yeye, nimwone atajibu nini mbele ya ndugu yake. Huenda naye alikuwa anaitafuta njia ya kupatana. Lakini watu sitini walikuwa wananitazama, na hakuna aliyekuwa anacheka.

"Hakuna, mzee," nikasema. "Nilikwenda mwenyewe."

"Mmesikia," Mzee Soud akawaambia wageni. "Mgeni kakosea."

Haikusaidia kitu. Sleiman alivaa viatu vyake, na wengine wakafuata, wawili, watano, wote. Nilipogeuka, chano kilikuwa kimewekwa chini karibu na kuni, kimefunikwa vizuri, na mlango wa nyuma uko wazi. Mzee Soud alikaa peke yake kwenye mkeka, kati ya masinia kumi, akaninyooshea kidole niyaondoe.

Sufuria nilizisugua peke yangu, nikazirudisha moja moja. Watu barazani walinitazama nikipita, na salamu zangu hazikujibiwa na upande wowote. Bi Ghania alifungua mlango kabla sijabisha. Alizipokea zote nne, akazikagua ndani na nje kama mwanamke yeyote anavyokagua chombo chake kilichotoka kuazimwa.

Nikaanza kusema, mama, nisamehe. Akanikatiza kwa upole, kama hakusikia.

"Chumvi ilikolea?" akauliza.

"Ilikolea, mama."

Akanitazama kiatu, akanitazama mguu uliokuwa peku, akapandisha macho mpaka usoni.

"Hakuna aliyeonja. Nani kakwambia?"