Gari la Mke wa Fundi

Fundi alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mteja, mafuta yakimdondokea shingoni, alipolisikia gari lake mwenyewe likiingia gereji. Hakuhitaji kuchungulia. Injini ile kuukuu aliijua: ikienda kasi haina neno, ikisimama inatetemeka, inakohoa, inakata, kisha inashika tena. Alikuwa ameihangaikia wiki nzima. Plagi mpya, waya za plagi mpya, kabureta kaisafisha hadi inang'aa. Ugonjwa uko palepale.

Akaona matairi yakipita ubavuni pake. Hayakusimama. Yalikwenda kusimama upande wa pili, kwa Taratibu, fundi mwenzake aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hata nati moja huifungua kama anayebembeleza mtoto alale. Mlango ukafunguliwa, vikashuka viatu vya mkewe. Vile vyekundu, vya kutokea.

Basi roho ikampanda. Gereji nzima si inajua yule ni mke wa nani! Nyundo zote zikanyamaza, na mafundi wakinyamaza saa za kazi, ujue wamepata jambo la kutafuna. Alijikaza kisabuni, akabaki kulekule chini, spana mkononi, hafungi wala hafungui.

"Shemeji, linatetemeka," mkewe alisema.

"Linatetemeka wakati gani?" Taratibu akauliza.

Swali gani hilo, fundi akajisemea. Fundi wa kweli haulizi, anafungua.

"Nikisimama kwenye makutano. Tena si muda wote. Nikikanyaga breki ndiyo linazidi, karibu lizime. Nikiachia linapata nafuu. Halafu pedali imekuwa ngumu, na nikiikanyaga nasikia fyuuu, kama linanisonya."

"Likusonye wewe, shemeji? Halina adabu hilo."

Mkewe akacheka. Kicheko kile! Nyumbani hakijasikika sijui tangu lini, leo kinamwagwa bure mbele ya mwanamume mwenye kinyesi cha ndege kwenye kofia. Wivu ulimkata maini fundi. Akajiburuta kutoka chini ya pikapu na grisi yake usoni, akaenda kusimama pale, mikono kiunoni.

Taratibu hakugusa plagi hata moja. Alichukua koleo, akabana bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, lile bakuli la chuma linaloupa mguu nguvu kwenye breki. Injini ikatulia kama haijawahi kuugua. Akaachia, ikatetemeka. Akabana tena, ikatulia.

"Busta imetoboka ndani," alisema. "Inaingiza hewa kwenye injini, moto unakosa mpangilio. Shukuru Mungu, shemeji. Siku moja breki zingekugomea."

Fundi akamgeukia mkewe. "Mambo ya breki mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba watoto. Nilikuambia mezani, ukasema ni plagi. Nikakuambia kitandani, kesho yake ukanunua waya."

Mafundi wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Fundi akajifuta grisi usoni kwa mkono wenye grisi. Taratibu angekuwa anamtaka mkewe, mambo yangekuwa mepesi: angemkunja shati, wangetoana ngeu, yakaisha. Lakini mtu utamkunjaje shati kwa kosa la kumsikiliza mkeo? Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Taratibu alipata busta ya mtumba kwenye duka la vipuri hapo jirani, akaifunga mchana uleule. Jioni mume na mke wakarudi nyumbani, mke akiendesha. Kwenye makutano taa zikawaka nyekundu, akakanyaga breki, na gari likasimama tuli. Injini haikusikika hata kukohoa.

"Nilipokwenda kunawa," fundi akasema, "mlikuwa mnaongea nini na yule?"

Mkewe alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Wiki nzima hujaniuliza swali hata moja," alisema. "Leo umeniuliza, nalo ni la kumhusu yeye."