Posa ya Chatu wa Tunguu

"Na paka wangu je? Utawafidia au utawazika?" Bi Mayasa alikuwa keshafika katikati ya uchochoro, khanga imemwanguka mabegani, sauti yafika Darajani.

"Chatu hali paka wa jirani, Bi Mayasa," Msabah alijibu. "Ntampa panya."

"Nani kamwambia kama wa jirani ni haramu?"

Wapita njia wakacheka, Msabah masikio yakamchoma. Bwana huyu alifuga kware, wakafa. Akapanda uyoga, ukaota ukungu. Sungura walimtoroka wote siku ya Idi, kama waliopigiwa simu. Sasa ataka jozi ya chatu wazae, makinda awauzie wenye maonyesho ya watalii. Kibali anacho, anakitembeza barazani kama cheti cha ndoa. Asichonacho ni mahali. Mkewe, Thuwaiba, keshasema: chatu akilala ndani, yeye atalala kwa mamake. Limebaki ghala la uani kwa jirani, Bi Mayasa, na ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la khanga ya bibi huyo.

"Basi twende ukawaone mwenyewe," Msabah alisema. "Usipowaridhia, sinunui."

Masikini, hakujua anamwambia nani. Bi Mayasa ni somo. Nusu ya mabiharusi wa mtaa kawafunda yeye, na kabla ya kuwafunda kawakagua. Kabla Msabah hajafunga mdomo, bibi keshavaa buibui.

Kule Tunguu, Kheir mfuga nyoka aliwafunulia makasha mawili. "Huyu dume, huyu jike. Tazama rangi!"

Msabah akatazama rangi. Wanang'ara kama vyungu vilivyopakwa mafuta. Kisha akauliza swali alilolifanyia mazoezi njia nzima: "Si ndugu hawa?"

"Astaghfirullah! Mama mbali, baba mbali."

Msabah akaitikia kwa kichwa kama mzee aliyekwisha kupokea posa.

"Ukoo tushauliza," alisema Bi Mayasa, akavaa miwani. "Tuulize mwili. Wanakula?"

"Mno!"

"Na dume mnamjuaje?"

Kheir akafurahi kupata swali jepesi. Akampindua dume. "Hizi kucha mbili, karibu na mkia. Za dume kubwa. Za jike kama punje ya mchele."

"Mpindue na biharusi."

Kheir akashikwa na kikohozi. Msabah akampindua mwenyewe. Kucha mbili nene, zimejipinda kama ndoana.

"Hongera, mwanangu," alisema Bi Mayasa. "Mabwana harusi wawili, biharusi hajazaliwa."

Msabah akayatazama yale magamba, akajua kila kitu maishani kakichagua hivyo hivyo, kwa kung'ara. Isipokuwa mkewe, na huyo kachaguliwa na Bi Mayasa.

"Na lile kasha chini ya gunia?"

"Huyo hafai kuonekana, Bi Mayasa. Anajivua gamba, macho yana ukungu."

"Biharusi aliyepakwa singo mwili mzima, hajaikosha, umeona wapi akapendeza? Mlete!"

Akaletwa: kapauka, kanenepa, anapumua bila mkoromo. Kucha zake, punje mbili za mchele.

"Ndiye."

Waliporudi, mtaa mzima ulikuwa barazani unangoja kumcheka Msabah. Aliweka makasha mawili mbele ya ghala, asithubutu kuomba ufunguo.

"Bi Mayasa!" aliita Talib, muuza kahawa. "Umeshakubali nyoka?"

"Nyoka gani? Huyu nimemkagua mimi. Lini mtu niliyemkagua mimi akarudishwa mlangoni?" Akafungua pindo la khanga, akamtupia Msabah ufunguo. "Kila mmoja na kasha lake, mpaka gamba litoke. Na paka wangu akipungua mmoja, mtalala humo nyote watatu."

"Naam, Bi Mayasa."

"Kisha kakoshe mikono, kwa sabuni, mara mbili. Mwite na Thuwaiba. Wali wa nazi tayari, na mchuzi wa pweza. Ingieni mle."